Lundo la mgodi likiota majani: limepona, au limevaa nguo tu?

Mgodi ukifungwa, mitambo huondoka na taa huzimwa, lakini milima ya mawe na tope hubaki palepale. Baada ya misimu michache ya mvua milima hiyo huanza kubadilika rangi. Kwanza huonekana majani mawili matatu kwenye mifereji, halafu nyasi, halafu vichaka. Mfugaji anayepita hapo mwezi wa Septemba, malisho yakiwa yamekwisha, huona chakula cha mifugo. Mama anayetafuta kuni huona miti. Vijana wasio na mashamba huona ardhi.

Swali ni moja: majani hayo yanatuambia nini? Je, yanamaanisha kwamba ardhi imepona na inaweza kutumika kama ardhi nyingine?

Katika makala haya tunaeleza jinsi mimea inavyorudi yenyewe kwenye malundo ya migodi, kwa nini hurudi polepole, na mambo gani kijiji kinapaswa kuyajua kabla ya kufungulia ng'ombe. Jibu letu kwa ufupi ni hili: majani ni dalili njema, lakini si cheti cha usalama. Na miaka ambayo mimea inahitaji kuachwa ndiyo miaka ambayo sisi tunakuwa na haraka nayo zaidi.

Mkoa wetu na malundo yake

Tabora inajulikana kwa tumbaku, asali na njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kwenda Ujiji. Watu wengi hawaifikirii kuwa ni mkoa wa migodi. Lakini mgodi wa kwanza mkubwa wa kisasa wa dhahabu Tanzania ulikuwa hapa kwetu: Golden Pride, kijijini Lusu, wilaya ya Nzega. Ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1998, ukiendeshwa na kampuni ya Resolute, na ukafungwa mwaka 2014. Kwa hiyo Nzega ilitangulia kupata mgodi wa aina hiyo, na ikatangulia pia kujifunza maana ya mgodi kufungwa. Eneo lilirudishwa serikalini kwa matumizi ya mafunzo ya Chuo cha Madini.

Ukienda mashariki zaidi, ng'ambo ya mbuga ya Wembere, kuna Sekenke, Iramba, mkoani Singida. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu huko takribani mwaka 1909. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli zao zilipozuiwa na fedha ikaadimika, dhahabu ya Sekenke ililetwa Tabora na mwaka 1916 ikatengenezewa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Wanaokusanya sarafu duniani wanaijua mpaka leo. Lakini kila sarafu iliacha nyuma yake mawe mengi yaliyosagwa na kutupwa.

Halafu kuna malundo madogo yasiyohesabika ya wachimbaji wadogo, Nzega, Igunga na wilaya za jirani. Hayana uzio wala kibao. Lundo moja linaweza kuwa nyuma ya nyumba.

Tutofautishe aina mbili, kwa sababu mimea nayo huzitofautisha. Ya kwanza ni mawe yaliyoondolewa ili kuufikia mwamba wenye dhahabu. Geita wanayaita magwangala, na wananchi wa huko walidai kwa muda mrefu wapewe wayapekue. Ya pili ni tope laini linalobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kuchenjuliwa. Kwenye migodi mikubwa tope hilo hukaa katika bwawa lenye kingo. Kwa wachimbaji wadogo hubaki kando ya mwalo au karasha, nao huliita marudio, kwa kuwa mara nyingi hurudiwa kuchenjuliwa tena.

Kwa nini si sawa na shamba lililoachwa

Wakulima wetu wanajua jinsi pori linavyorudi. Shamba la tumbaku likiachwa, haipiti misimu mingi kabla ya miyombo kuchipua. Watu wengi hudhani lundo la mgodi nalo litafanya hivyo. Halitafanya, na sababu iko chini ya ardhi.

Miti ya miyombo inapokatwa, visiki na mizizi yake hubaki hai. Chipukizi tunazoziona shambani zinatoka kwenye mizizi iliyokuwepo tayari, na mara nyingi si mbegu mpya. Lundo la mgodi halina kisiki hata kimoja. Mawe yake yametoka makumi ya mita chini, mahali ambapo mzizi haujawahi kufika. Kila mmea utakaosimama hapo lazima uje kama mgeni.

Tena mbegu za miyombo hazisafiri mbali. Ganda lake hukauka, hupasuka kwa kishindo, na mbegu huanguka karibu na mti mama. Mninga una nafuu kidogo, kwa sababu tunda lake lina bawa na upepo unaweza kulisukuma. Lakini muyombo ulio kilomita mbili kutoka kwenye lundo utachukua miaka mingi sana kufika.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wa Tabora wanalijua bila kulipa jina. Mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, akina mama na watoto huingia porini kutafuta uyoga. Uyoga mwingi wa miyombo ni tunda la kuvu anayeishi kwenye mizizi ya miti hiyo. Kuvu huyo huusaidia mti kupata maji na virutubisho, na mti humlipa kwa sukari. Muyombo mchanga bila kuvu wake hudhoofika. Kwenye mawe mapya ya mgodi kuvu huyo hayupo.

Ongeza na hali ya lundo lenyewe. Halina mboji. Halina naitrojeni, kile kirutubisho ambacho mkulima hukinunua kwenye mfuko wa Urea. Mawe hayashiki maji, kwa hiyo mvua hupita kama kwenye chekecheo. Tope la bwawa lina tabia nyingine: likikauka hufunga na kuwa gumu kama ibambasi, na mzizi mwororo hauwezi kupenya. Mteremko mkali huporomosha mbegu kabla hazijaota. Na kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mche ulioota Januari una miezi michache tu ya kupeleka mzizi chini kabla ya kiangazi cha miezi sita.

Nani anatangulia

Hata hivyo mimea hufika, na mara nyingi hufuata utaratibu unaofanana.

Wa kwanza ni wale wanaovumilia shida: nyasi zinazobebwa na upepo, mbigili, na ukoka unaotambaa kutoka pembeni kwa vikonyo vyake. Huanzia mahali penye unafuu, yaani kwenye mifereji ambako maji hukusanyika, nyuma ya jiwe lenye kivuli, chini ya mteremko ambako vumbi laini limetua. Ndiyo maana lundo changa huwa na mistari ya kijani badala ya kufunikwa lote.

Nyasi hizo zikifa kiangazi, haziondoki bure. Majani makavu yanazuia vumbi, yanaoza, yanashika unyevu. Mwaka unaofuata mbegu nyingine inapata mahali pa kulala. Udongo unajengwa kwa unene wa ukucha, mwaka baada ya mwaka.

Kundi la pili ndilo linalobadilisha hali, nalo ni jamii ya mikunde. Ukiing'oa karanga shambani, utaona vifundo vidogo kwenye mizizi. Ndani yake kuna bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Migunga ina vifundo hivyo. Mkulagembe, kile kichaka cha miiba kinachochukiwa na kila mfugaji, unavyo pia. Kwenye lundo lisilo na naitrojeni, vichaka hivi ni kiwanda cha mbolea kisichodai fedha. Wataalamu wengi waliopima malundo ya makaa ya mawe Ulaya wamekuta kwamba upungufu wa naitrojeni ndio uliochelewesha mimea kwa miaka mingi, hata pale ambapo sumu haikuwepo.

Kundi la tatu huja na wanyama. Ndege hutua juu ya mgunga na kudondosha mbegu za matunda waliyokula. Popo hufanya hivyo kwa mkuyu. Mbuzi hula maganda ya migunga na kuacha mbegu kwenye kinyesi. Hili si geni kwetu: miembe iliyoshamiri Tabora na Ujiji ilifika na watu wa misafara. Mbegu hufuata njia ya anayepita. Kwa hiyo lundo lililozungukwa na pori hupokea wageni wengi na wa aina nyingi, na lundo lililozungukwa na mashamba matupu hupokea magugu ya mashambani.

Hapa tunaona jambo la kwanza la kufanya, nalo ni rahisi kulisema na gumu kulitekeleza: usikate pori lililo kando ya lundo. Hilo pori ndilo ghala la mbegu.

Wenzetu waliosubiri, na wenzetu waliopanda

Nchi zilizochimba makaa ya mawe kwa muda mrefu zina uzoefu mkubwa kuliko sisi. Katika Jamhuri ya Czech, kwenye maeneo ya Most na Sokolov, kuna malundo makubwa yaliyotokana na uchimbaji wa makaa ya mawe. Mengine yalisawazishwa kwa mitambo, yakamwagiwa udongo, yakapandwa miti kwa mistari. Mengine yaliachwa. Watafiti walipoyalinganisha walikuta kwamba sehemu nyingi zilizoachwa zilifunikwa na mimea ndani ya miaka 20 hivi, na mara nyingi zilikuwa na aina nyingi zaidi za mimea na wadudu kuliko sehemu zilizopandwa kwa gharama kubwa. Sharti lilikuwa kwamba pori liwe karibu na lundo lisiwe na sumu kali.

Tusiuchukue mfano huo mzimamzima. Wao mvua yao husambaa mwaka mzima, na hakuna ng'ombe wanaopita kwenye malundo hayo.

Mfano wa karibu uko Bamburi, Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe na kuacha shimo kubwa jeupe, lenye joto na chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uswisi, René Haller, alijaribu aina 26 za miti. Ni tatu tu zilizostahimili, mmoja wao mvinje. Mvinje nao hupata naitrojeni kwa msaada wa vijidudu vya mizizini. Lakini majani yake yalirundikana bila kuoza, hadi yalipoletwa majongoo wekundu ambao waliyala na kuyageuza mboji. Leo mahali hapo ni msitu na bustani ya wageni inayoitwa Haller Park.

Mambo mawili ya kukumbuka kutoka Bamburi: kati ya miti 26, 23 haikufaa; na miti peke yake haikutosha mpaka mdudu alipoingia kazini. Tunapoona wageni wa heshima wakipanda miche 1,000 juu ya mawe matupu siku ya maadhimisho, tuulize ni mingapi itakuwa hai Oktoba inayofuata.

Sisi Tanzania nasi tunachimba makaa ya mawe, Kiwira huko kusini magharibi, na Ngaka, wilaya ya Mbinga, ambako uzalishaji ulianza mwaka 2011. Malundo ya makaa yana ugumu wa ziada. Rangi yake nyeusi hunyonya jua, na uso wake mchana unaweza kuwa moto kiasi cha kuunguza mche. Tena mara nyingi yana madini ya salfa ambayo yakikutana na maji na hewa hutoa tindikali. Wenzetu wa Ruvuma na Songwe watahitaji elimu hii mapema kuliko tulivyoipata sisi wa Nzega.

Kijani si cheti

Sasa tuje kwenye hatari. Watu husema: kama kungekuwa na sumu, nyasi zisingeota. Kauli hiyo inaonekana ina mantiki, lakini si kweli.

Historia ya watu wetu wenyewe inatusaidia hapa. Katikati ya karne ya 19, mfanyabiashara kutoka upande huu wa Unyamwezi na Usumbwa, Msiri, alikwenda na watu wake mpaka Katanga na kuanzisha dola ya Garenganze, makao yake yakiwa Bunkeya. Waliomfuata waliitwa Wayeke, na shaba ilikuwa moja ya biashara zao. Katika nchi ile, vilima vyenye shaba nyingi vinaonekana kwa mbali: miyombo hukatika ghafla, na kilima hubaki na nyasi na maua madogo. Miti imeshindwa na shaba, lakini mimea mingine imeizoea, na baadhi huota kwa wingi zaidi mahali penye shaba kuliko kwingine. Watafuta madini wamekuwa wakitumia mimea hiyo kama alama.

Fundisho ni hili: mmea unaweza kustawi juu ya sumu. Mwingine huizuia isipande kutoka mizizini. Mwingine huipandisha hadi kwenye majani, na mbuzi akila majani hayo amekula na kilichomo. Kwa macho huwezi kujua upi ni upi.

Kwa upande wa dhahabu, vitu vinavyotutia wasiwasi zaidi ni vitatu. Sayanidi hutumiwa kuchenjulia. Ni sumu kali inayoua haraka, lakini ikikaa juani na hewani kwa kawaida huvunjika. Zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo kunasa dhahabu, nayo haivunjiki, hubaki kwenye marudio na kusafiri na maji. Aseniki huwa ndani ya baadhi ya miamba ya dhahabu tangu mwanzo, na kusaga mwamba ni kuifungulia mlango. Zebaki na aseniki zinaweza kuwepo miaka 50 baada ya nyasi kuota.

Mboga za majani kama mchicha na matembele ndizo za kwanza kuepukwa, kwa sababu tunakula sehemu ile ile inayopokea kila kinachopanda, na vumbi la lundo hutua juu yake. Maji yaliyotuama chini ya lundo ni ya pili. Maji maangavu kupita kiasi, yasiyo na chura wala mdudu, au yanayoacha kutu ya rangi ya machungwa kwenye mawe, si maji ya kunywesha mifugo.

Na kuna hatari isiyohusu sumu kabisa. Majani huficha mteremko usio imara. Mwaka 1966, tarehe 21 Oktoba, lundo la taka za makaa ya mawe liliporomoka juu ya kijiji cha Aberfan, Wales, likafunika shule. Walikufa watu 144, na kati yao 116 walikuwa watoto. Maji ya chemchemi yalikuwa yakilainisha lundo kutoka chini. Hapa jirani, tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, ulipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi ya watu. Mizizi ya nyasi hushika uso wa udongo na kupunguza mmomonyoko. Haiwezi kushika mlima uliojaa maji.

Lundo nalo linahitaji ngitili

Kama mimea inaweza kurudi yenyewe, kwa nini malundo mengi yanabaki na vipara? Mara nyingi jibu ni kwato, panga na nyundo.

Mbuzi mmoja akipita kwenye lundo la miaka mitatu, anakula mche uliohangaika misimu mitatu. Ng'ombe 40 wakipanda mteremko, kwato zao zinabomoa ule udongo wa unene wa ukucha. Mkulagembe ukikatwa kwa uzio wa zizi, kiwanda cha naitrojeni kimefungwa. Halafu bei ya dhahabu ikipanda, malundo ya zamani hurudiwa na wanaotafuta masalia, na saa ya mimea hurudi sifuri. Sekenke, zaidi ya miaka 100 tangu Wajerumani, wachimbaji wadogo bado wapo.

Hatulaumu mtu mwenye njaa. Tunasema kwamba dawa ya tatizo hili si ngeni kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Ni ngitili.

Kila mfugaji wa kanda hii anaijua: sehemu inafungwa mvua zikianza, nyasi na miti vinaachwa vikue, na malisho hufunguliwa kiangazi kwa utaratibu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati mkoa ule ukiitwa jangwa. Baada ya kuhangaika na miche ya kupanda, mradi uliona kwamba kuifufua desturi ya ngitili kunafanya kazi vizuri zaidi. Wakati wa kuanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Ilipewa nafasi.

Lundo la mgodi linahitaji nafasi hiyo hiyo, kwa tofauti mbili. Kwanza, muda ni mrefu zaidi, kwa sababu hakuna mizizi chini. Tufikirie miaka 10 hadi 20, wala si miwili. Pili, ngitili ya kawaida hufunguliwa kila kiangazi, lakini ngitili ya lundo isifunguliwe mpaka udongo, maji na majani vipimwe.

Sheria inasemaje, na kijiji kiulize nini

Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake, mgodi mkubwa unatakiwa kuwa na mpango wa kufunga mgodi na kuweka dhamana ya fedha ya kurekebisha mazingira, ili kampuni ikiondoka kazi isibaki bila fedha. Mwenye leseni ndogo naye anatakiwa kuwa na mpango wa utunzaji wa mazingira. Wanaosimamia ni Tume ya Madini, kupitia Afisa Madini Mkazi, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Serikali ya kijiji nayo ina uwezo wa kutunga sheria ndogo kupitia mkutano mkuu wa kijiji na kuzipeleka halmashauri zithibitishwe.

Udhaifu tunaouona uko kwenye muda. Ripoti ya ukarabati huandikwa lundo likiwa bado changa. Picha za nyasi za msimu wa kwanza hupendeza, hasa zikipigwa mwezi wa Machi. Lakini msimu wa kwanza hausemi chochote kuhusu mwaka wa saba. Ulinzi wa kweli unahitajika wakati kampuni imeshaondoka na hakuna anayelipwa kulinda.

Kwa hiyo kijiji chenye lundo, liwe la kampuni au la mchimbaji mdogo, kina haki ya kuuliza maswali haya kwenye mkutano mkuu, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari:

Kwanza, hili ni lundo la aina gani? Ni mawe, au ni tope lililochenjuliwa? Kama ni tope, lilichenjuliwa kwa nini: zebaki au sayanidi?

Pili, maji yake yanakwenda wapi mvua ikinyesha? Nani amepima visima vilivyo upande wa chini, lini, na matokeo yako wapi? Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina uwezo wa kupima sampuli. Maombi ya kijiji yapitie halmashauri ya wilaya.

Tatu, udongo wa juu uliwekwa wapi? Hili ni la kuulizwa kabla mgodi haujaanza. Ule udongo wa sentimita 20 au 30 za juu una mbegu, kuvu na mboji. Ukitengwa mapema na kurudishwa juu ya lundo, mimea huokoa miaka mingi. Ukirundikwa kwa kimo kirefu na kuachwa miaka mingi, uhai wake hupungua. Mchimbaji mdogo pia anaweza kufanya hivyo kwa jembe na toroli: udongo wa juu upande wake, mawe upande wake, na duara likiisha mawe yatangulie kurudi chini.

Nne, mpaka wa lundo uko wapi, na nani anaulinda kiangazi? Kama kijiji kina sungusungu wanaolinda ngitili, lundo liingizwe kwenye orodha yao, na faini iwe ile ile.

Tano, ni lini lundo litafunguliwa, na kwa kipimo gani? Jibu lisiwe "likishakuwa kijani".

Kwa wasikilizaji walio jirani na malundo sasa hivi, wakati majibu yanasubiriwa: msilime mboga juu yake wala chini yake, msinyweshe mifugo kwenye madimbwi yake, watoto wasiteleze wala kuchimba kwenye miteremko yake, na marudio yasitumike kama mchanga wa kupigia lipu nyumba. Mkiona ufa mrefu juu ya lundo au chemchemi mpya imetokea chini yake wakati wa masika, toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, na nyumba zilizo chini zihamishwe kwanza, mjadala ufuate baadaye.